Vitandiko vya Viatu vya Bwana Kamba

Mwaka wa nne baada ya vita vya Maji Maji, watu wa Newala walipatwa na dhiki ambayo haikuwa njaa, wala nzige, wala ndui. Ilikuwa tenisi.

Usicheke kabla hujasikia. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa Wamakonde, na maji yako chini bondeni, upande wa Ruvuma. Mwanamke anayetaka maji huamka alfajiri, akateremka genge kwa njia inayopinda kama utumbo wa mbuzi, akajaza mtungi, akapanda nao kichwani, na akifika kwake jua limeshakuwa kali. Mtungi huo mmoja hupikiwa, hunywewa, hunawiwa uso, na yanayobaki hupewa kuku. Watu wa namna hiyo ndio waliokuja kuambiwa kwamba kila siku, jua likianza kupoa, mitungi ishirini itamwagwa chini. Si bustanini. Chini, kwenye uwanja mtupu usioota hata mchicha, ili vumbi lilale na mpira udunde vizuri.

Mwenye uwanja alikuwa Mjerumani mmoja, Bwana Kruse, msimamizi wa barabara ya kwenda Masasi. Watu walimwita Bwana Kamba, kwa sababu ya kamba yake ya kupimia, iliyokuwa ikikatiza mashamba ya watu bila kupiga hodi. Hakuwa mbaya kuliko wenzake, na hiyo si sifa. Barabara ilipokaribia Lulindi, padri wa misheni alimkaribisha acheze tenisi, akapambanishwa na mwalimu wa shule, Mwalimu Nikolao, kijana mrefu mwembamba aliyejifunza mchezo huo alipokuwa masomoni Unguja. Mwalimu alicheza miguu mitupu, akamfunga. Bwana akataka tena, akafungwa tena. Mara ya tatu alikuwa anaongoza vizuri tu, mara mguu ukaanza kumuuma, akamaliza mchezo anachechemea kama bata aliyekanyagwa. Watoto wa shule wakapiga makofi kwa adabu, jambo lililomuuma kuliko mguu.

Akarudi Newala amevimba. Akaamuru vichuguu vitatu vivunjwe, udongo wake utwangwe na kushindiliwa, wavu ufungwe katikati. Kisha akaapa mbele ya akida na watu wote, mkono juu: atafanya mazoezi kila siku ya Mungu mpaka amfunge yule mwalimu, walau mara moja. Siku atakayomfunga, raketi anaitundika ukutani na uwanja utakuwa wa mbuzi.

Miezi miwili ikapita hivyo. Wanawake ishirini waliandikwa, na kila mmoja, baada ya kuleta mtungi wa kwake alfajiri, aliteremka tena kufuata mtungi wa Bwana Kamba. Miongoni mwao alikuwemo Somoe, mke wa Nurdini mshona viatu, mwenye mimba ya miezi saba. Nurdini alikwenda kwa akida kumwombea udhuru. Akida alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia mimba si ugonjwa, akaendelea kula muhogo wake.

Nurdini alikuwa Myao wa Masasi, mfupi, mwenye mikono mikubwa isiyolingana na mwili. Ufundi aliupata Lindi kwa Mhindi mmoja, na mke alimpata Newala, akahamia ukweni kama desturi ilivyotaka. Kazi yake ilikuwa kukarabati viatu vya askari na mikanda ya makarani. Basi tangu Somoe abebeshwe mtungi wa pili, kila siku mchana alikuwa akiacha sindano katikati ya ngozi, akaenda kusimama ukingoni mwa genge kutazama kule chini kama mke wake anapanda au amelala njiani. Alimpenda Somoe kupita kiasi. Mwezi uliopita mwanamke mmoja aliteleza pale penye mizizi, akavunja mtungi na mkono. Angekuwa Somoe je?

Jumatatu moja askari akaja kumwita. Bwana Kamba alikuwa barazani, amekaa, viatu vyake vyeupe vya turubai vimewekwa mezani mbele yake kama mashahidi.

"Fundi," akasema, "mimi najua kucheza. Mguu ndiyo hajui. Nusu saa mzuri, baadaye inauma hapa, hapa, na hapa." Akaonyesha kiatu, si mguu. "Wewe tengeneza kitu ya kuweka ndani. Jumamosi mwalimu wa Lulindi anakuja. Nikishinda, basi, kazi ya uwanja imekwisha. Nikishindwa kwa sababu ya mguu, wewe utapata hamsa-ishirini."

Hamsa-ishirini ilikuwa ni viboko ishirini na vitano, na hakuna aliyehitaji kutafsiriwa.

"Sawa, Bwana," akasema Nurdini. "Naomba niuone mguu wenyewe."

"Mguu wa nini? Kiatu hiki hapa. Pima kiatu."

"Bwana, kiatu kinaniambia urefu. Hakiniambii mguu unakanyagaje."

Bwana Kamba akawa mwekundu mpaka masikioni. Kumbe mtu yule aliyewavua watu mashamba yao mchana kweupe alikuwa na haya ya kuvua soksi. "Mguu wangu si wa kutazamwa," akasema. "Nenda."

Nurdini akarudi nyumbani na viatu kwapani. Hakukuwa na haja ya kumweleza Somoe kilichokuwa hatarini. Bwana Kamba akishinda Jumamosi, mtungi wa pili umekwisha. Akishindwa, Somoe ataendelea kupanda genge mpaka uchungu umkute njiani, na mume wake atakuwa amelala kifudifudi hawezi hata kumfuata.

Jambo la kwanza alilolifikiria ni ulaini. Mguu unauma, basi upewe godoro. Akakata kitambaa kwa umbo la kiatu, akajaza sufi, akashona mistari mistari, akapeleka. Bwana Kamba akavaa, akatembea barazani, uso ukamfunguka. "Wunderbar," akasema, na mpishi wake akatafsiri kwamba amefurahi. Jumanne jioni alipocheza na mpishi huyohuyo, sufi ikalala bapa, ikajikusanya vidoleni, na mguu ukazama ukayumba ndani ya kiatu. Vikarudishwa kwa Nurdini kwa kurushwa.

Jambo la pili likawa kinyume chake. Kama laini haifai, ngumu itafaa. Akachukua kipande cha ngozi ya nyati, akakikata, akakilainisha kingo, akakipigilia mpaka kikabaki na unene wa kidole. Jumatano Bwana Kamba alicheza dakika kumi, akatoka na lengelenge la ukubwa wa yai la kwale. Safari hii vilirushwa vikampata.

"Umeumia?" Somoe akamuuliza jioni ile. Alikuwa amekaa mkekani, miguu ameinyoosha mbele, anasokota ngata ya majani ya mgomba kwa ajili ya kesho. Bibi yake, Bibi Sijaona, alikuwa pembeni akitafuna karanga kwa meno manne aliyobakiwa nayo.

"Nimeumia heshima," akasema Nurdini. "Laini hataki, ngumu hataki. Nimtilie nini, uji?"

"Mume wangu huyu," akasema Bibi Sijaona, maana bibi wa mke huko kwetu ana haki ya kumwita mume wa mjukuu wake hivyo na kumtania apendavyo, "Wayao mnajua kufanya biashara ya kila kitu, lakini hamjui kubeba hata kimoja. Muulize mkeo."

"Nimuulize nini, Bibi? Yeye anajua viatu?"

Somoe akaacha kusokota. Akainua ngata akamwonyesha. "Hii ikiwa laini sana, mtungi unazama mpaka kwenye fuvu. Ikiwa ngumu sana, inakwangua. Inatakiwa ishike pembeni, ijae pale ambapo kichwa kimebonyea, na ipungue pale kilipotuna. Ndiyo maana ngata ya Bibi siwezi kuibebea. Kichwa chake kimekaa kama papai."

"Papai lililomzaa mama yako," akasema Bibi Sijaona.

Nurdini akaichukua ngata ile, akaigeuzageuza mkononi. Mke wake alikuwa amemaliza kwa maneno matatu kazi iliyomshinda siku tatu. Kilichotakiwa si ulaini wala ugumu. Kilitakiwa kitandiko kijae pale unyayo ulipoingia ndani, kishike kisigino kisiyumbe, na kiache nafasi ya dole gumba. Lakini bila kuuona unyayo wenyewe, ajaze wapi na apunguze wapi?

Sasa hapa lazima nieleze kitu kimoja kwa wale wasioijua Newala ya siku hizo. Njia zote zilikuwa za mchanga, na watu wote, hata askari wakiwa nje ya zamu, walitembea pekupeku. Kila mtu alijua unyayo wa kila mtu. Ungeamka asubuhi ukajua ni nani amepita mlangoni kwako, alikuwa amebeba mzigo au la, na kama alisimama kidogo kuchungulia. Mwizi wa kuku Newala alikuwa lazima ajifunze kuruka. Na Nurdini, ambaye miguu ndiyo iliyokuwa ikimpa ugali, aliwapita wote: angekuchorea unyayo wa mtu yeyote wa pale, mkubwa kwa mdogo, akiwa amefumba macho. Unyayo mmoja tu haukuwa umeonekana na mtu, nao ni wa Bwana Kamba.

Alhamisi alikwenda Kitangari kutafuta ngozi ya mbuzi iliyolainishwa vizuri, akalala huko kwa jamaa. Ijumaa alirudi mapema, akapitia nyuma ya nyumba ya Bwana Kamba, kwenye kibanda cha kuogea. Maji ya kuogea yalikuwa yanatiririka nje na kulowesha udongo kidogo. Na pale, kwenye udongo ule uliolowana, palikuwa na unyayo.

Nurdini akachuchumaa. Akautazama kichwa amekiinamisha kulia, akautazama kichwa amekiinamisha kushoto. Haukuwa wa mpishi. Mpishi alikuwa na kidole kilichopinda. Haukuwa wa askari yeyote, wala wa mchota maji, wala wa akida. Ulikuwa mrefu, mwembamba, umeingia ndani katikati kama upinde, kiasi kwamba kisigino na vidole vilikuwa kama visiwa viwili visivyojuana. Hakuwahi kuuona unyayo ule maishani mwake. Na kama hakuwahi kuuona, unaweza kuwa wa nani? Akashusha pumzi, akamshukuru Mungu kwa sauti. Akachukua kijiti akaupima urefu. Ulilingana na kiatu cha Bwana sawasawa. Shaka gani tena?

Siku nzima alifanya kazi hiyo. Akakata ngozi ya mbuzi matabaka manne, akayagandisha kwa ulimbo, akaweka tuta katikati la kubeba ule upinde, akalijazia ukindu uliosukwa ili libonyee kidogo na kurudi. Akatengeneza kikombe cha kukaa kisigino. Akasugua kwa nta mpaka vikang'aa. Vilipokauka akavitazama, akajua kwamba katika maisha yake hajawahi kutengeneza kitu kizuri namna ile. Somoe aliporudi na mtungi wa pili, anahema, alimshikisha. Akaviminya kwa dole gumba, akatabasamu.

"Hii ndiyo ngata," akasema.

Jumamosi watu wakajaa uwanjani kama wanaokwenda kwenye jando. Kwa heshima ya siku hiyo akida alikuwa ameagiza mitungi thelathini badala ya ishirini, na wanawake walikuwa wamekaa nayo pembeni. Bwana Kamba alivaa viatu vyake na vitandiko vipya, akasimama, akakunja uso.

"Kuna jiwe," akasema.

"Si jiwe, Bwana, ni nguzo. Mguu utazoea," akajibu Nurdini kwa ujasiri.

Ndipo akaja Mwalimu Nikolao kutoka kwa mjomba wake alikofikia. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe, akaivua, akabaki na shati na kaptula. Akawaamkia wazee, "Shikamooni," wakaitikia "Marahaba," akasalimiana na Nurdini kwa mikono miwili.

"Nimefurahi kukuona, fundi. Sifa zako zimefika mpaka Lulindi. Alhamisi nilileta barua ya Padri, nikakuulizia, nikaambiwa uko Kitangari. Mpishi alinipa hata maji kidogo ya kunawa miguu pale bafuni, Mungu ambariki."

Akaingia uwanjani. Udongo ulikuwa umelowana vizuri. Hatua yake ya kwanza ikaacha unyayo, na ya pili, na ya tatu: mrefu, mwembamba, umeingia katikati kama upinde, kisigino na vidole visiwa viwili.

Nurdini akautambua. Akatamani genge limfuate pale alipo. Watu wote wa Newala kila mtu anajua unyayo wa mwenzake, na yeye, bingwa wao, akadhani asiyejulikana lazima awe Mzungu! Haikumpitia akilini kwamba duniani kuna Lulindi.

Mchezo ukaanza. Mwenye kufikisha michezo sita kwanza ndiye mshindi. Mguu wa Bwana Kamba, kama Nurdini alivyoona sasa kutokana na kila hatua, ulikuwa bapa kama ubao, hauna upinde hata wa dawa, na lile tuta zuri lilikuwa likimchoma katikati ya wayo kila anapokanyaga. Alicheza anarukaruka kama mtu aliye juu ya siafu. Nikolao aliteleza na kuruka kwa raha zake. Moja kwa sifuri. Mbili. Bwana akapata mmoja kwa nguvu za hasira. Tatu. Nne kwa moja. Bwana akanyoosha mkono kuomba mapumziko, akaja moja kwa moja kwa Nurdini, akaketi, akavua viatu akavitupa mapajani mwake.

"Hamsa-ishirini," akasema, polepole, kila silabi peke yake.

Nurdini akavitoa vile vitandiko, akakaa navyo mkononi. Upande wa pili Somoe alikuwa amesimama kando ya mitungi, mkono mmoja kiunoni, anamtazama. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mtu aliyechoka sana, na hilo ndilo lililompa Nurdini akili.

"Bwana," akasema, "kosa si mguu wako. Mchezo wenyewe hauko sawa. Wewe umevaa viatu, yeye yuko miguu mitupu. Hata ukimfunga, watu watasema umemfunga mtu asiyekuwa na viatu. Mpe na yeye viatu, muwe sawa."

Alijua anachokifanya. Mtu asiyewahi kuvaa kiatu, ukimvalisha, anatembea kama kuku aliyefungwa kamba mguuni. Bwana Kamba akafikiri, akalipenda neno "sawa". Akamwagiza mpishi alete jozi ya pili, mpya kabisa, nyeupe pee. "Mwalimu," akasema kwa sauti ili wote wasikie, "hii zawadi. Yako." Nurdini akamrudishia vyake, ndani ametia sufi ile ya Jumanne iliyokwishalala, aliyokuja nayo.

Mwalimu Nikolao akavipokea kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Akavaa. Akapiga hatua tatu, uso ukamkunjamana.

"Fundi," akasema kwa sauti ya chini, "vinaniuma hapa katikati. Kama nimesimama juu ya ukingo wa shimo."

Nurdini alijua hasa ni wapi panapouma na kwa nini, na alijua vilevile kwamba maumivu yale ndiyo wokovu wake. Angenyamaza tu. Lakini mtu wa ufundi ana ugonjwa wake. Pale mbele yake palikuwa na mguu, na mkononi mwake kitu alichoutengenezea mguu huohuo bila kujua, kazi bora ya maisha yake, ambayo bila hivyo ingeishia kutafunwa na panya. Alijitahidi kunyamaza, akashindwa. Akapiga goti, akaviingiza vitandiko ndani ya viatu vya Nikolao.

Mwalimu akakanyaga. Akakanyaga tena. Akafumba macho. "Ee Bwana," akasema, na hakuwa anamwita Kruse.

Wanawake wakaguna kwa pamoja. Bibi Sijaona akasema kwa sauti iliyofika bondeni, "Mume wangu amepata wazimu!" Somoe aligeuza uso.

Mchezo ukaendelea, na watu wakangoja kuona Bwana Kamba anavyomalizwa. Lakini likatokea jambo. Mpira wa kwanza ulianguka upande wa kushoto, penye kidimbwi kidogo cha tope jekundu. Nikolao akaukimbilia, akafika ukingoni mwa tope, akasimama. Akaangalia viatu vyake. Akauacha mpira uende.

"Mwalimu!" mtu mmoja akapiga kelele. "Vipi?"

"Kesho Jumapili," akajibu Nikolao bila kuinua macho. "Nasoma somo kanisani."

Somoe alikuwa wa kwanza kuelewa. Nurdini alimwona akiinama, akiinua mtungi, akitembea kwa mwendo wake wa bata mwenye mayai mpaka upande wa Nikolao. "Vumbi, Bwana!" akasema kwa heshima zote, akaumwaga wote. Bibi Sijaona hakuhitaji kuambiwa. Akajikokota na mwingine. Kisha wakaja wengine, mmoja baada ya mwingine kila mchezo ulipokatika, wakilalamikia vumbi ambalo hakuna aliyeliona, mpaka upande wa mwalimu ukawa kama shamba la mpunga, na katikati yake kisiwa kimoja kikavu cha ukubwa wa mkeka. Nikolao alisimama juu ya mkeka huo. Mpira uliomjia aliupiga vizuri ajabu. Ambao haukumjia aliuaga kwa macho.

Mbili kwa nne. Tatu. Nne kwa nne. Bwana Kamba, mguu wake bapa ukiwa juu ya sufi iliyolala bapa kama wenyewe, hakuumia, au kama aliumia alisahau. Tano. Mpira wa mwisho wa mchezo wa sita ulidondoka hatua mbili kutoka kwa Nikolao, ukatoa sauti ya chubwi, ukakaa.

Wanawake wakapiga vigelegele hata kunguru wakaruka. Walikumbatiana, walipiga makofi, mmoja alilia. Bwana Kamba akasimama katikati, jasho linamtiririka, hakuamini kwamba anapendwa kiasi kile. Akainama mbele yao. Vigelegele vikazidi. Akainama tena, mkono kifuani. Kisha, kwa kuwa alikuwa ameapa, akatembea mpaka barazani na kuitundika raketi kwenye msumari mbele ya macho ya watu wote. Hamsa-ishirini haikutajwa tena.

Mwalimu Nikolao aliondoka jioni ileile kurudi Lulindi. Alivua viatu kwanza, akavifunga kwenye kanzu, akavibeba kichwani, akatembea pekupeku ili visichakae.

Mitungi minane ilibaki na maji. Akida alipoondoka, Bibi Sijaona akatangaza kwamba maji yale hayana mwenyewe tena, na Somoe akapewa mtungi mmoja mzima. Alioga nyuma ya ua, kuanzia kichwani, bila kupimapima. Nurdini alikaa upande wa huku, mgongo ameuegemeza kwenye ua, akisikiliza maji yakimwagika juu ya mke wake, na furaha ikamjaa mpaka akashindwa kunyamaza. Akamweleza kupitia mwanya wa matete jinsi alivyoliwaza lile la viatu, jinsi alivyomkabili Bwana Kamba bila kutetemeka, na jinsi lile la kumpa Nikolao vitandiko lilivyokuwa, ukilitazama vizuri, hila ya hali ya juu.

Maji yakatulia upande wa pili.

"Nurdini."

"Naam, mke wangu."

"Ahsante. Umeniondolea mtungi wa Bwana Kamba."

"Si kitu."

"Ule ulikuwa wa pili. Wa kwanza ni wa nani?"

Nurdini akahesabu. Mtungi wa kwanza ulikuwa wa uji wake, na wa kunawa mikono yake, na wa kulowekea ngozi zake, ambazo, sasa alipofikiri, zilikuwa zinakunywa nusu ya mtungi kila siku. Miezi miwili alikuwa amesimama ukingoni mwa genge kila mchana kumwogopea Somoe. Alfajiri alikuwa amelala. Akaona haya, haya ya kweli, ya kuchoma masikio, na akashukuru kwamba katikati yao kulikuwa na ua.

Jumapili alfajiri wanawake walioteremka genge walimkuta mbele yao mwanamume mfupi mwenye mikono mikubwa, amekumbatia mtungi kama mtu aliyebeba mbuzi wa wizi. Walicheka mpaka ikabidi wakae chini. Bibi Sijaona, ambaye siku hizo hakuwa akienda bondeni isipokuwa kwa jambo la maana, alikuwa ameteremka makusudi. "Mume wangu!" akamwita. "Kumbe leo umekuwa mke mwenzangu!" Nurdini akaukumbatia mtungi zaidi. Alikuwa akitazama mahali pa kukanyaga. Pale penye mizizi alipita kwa magoti.

Alifika nyumbani jua limeshapanda, kanzu imelowa mpaka kiunoni, shingo haigeuki. Somoe alikuwa amekaa mlangoni. Akainuka, akachungulia ndani ya mtungi mikononi mwa mumewe.

"Nusu," akasema. "Si vibaya. Kesho utafikisha robo tatu."

Nurdini hakuwa amefikiria kwamba kungekuwa na kesho. Akautua mtungi vizuri, asimwage hata tone, akaenda kulala kidogo.